Nilipanda Joka na Kitambaa Ndani ya Shati

Umeshawahi kuning'inia kichwa chini miguu juu, hewani, juu ya mji ambao hata kibao cha mtaa wake huwezi kukisoma, na kitu pekee kinachokuzuia usianguke ni mkono wa mtu uliyeanza kumdanganya tangu jana?

Mimi yalinikuta.

Tena si mkono mzima. Vidole vinne na mkanda wa suruali.

Ilikuwa Guangzhou, Machi ya mwaka tisini na tisa. Mwenye vidole hivyo bado yu hai, na akisoma hapa atacheka peke yake kama mgonjwa.

Kwa wasionijua, naitwa Nikodemu, Niko kwa wenye haraka. Mtoto wa Mwanza, kidato cha nne nimekipita kwa kuchungulia, mdomo mrefu kuliko mtaji. Nilikuwa nafuata vitenge China kwa ajili ya duka la kaka yangu.

Hiyo ilikuwa safari yangu ya tatu.

Safari ya pili nilifanya ujinga. Nilipata kitenge kikali, nikamwonyesha mshkaji mmoja hotelini, najisifu. Mshkaji akanipongeza sana. Mzigo wangu ulipofika Mwanza, mji mzima ulishakivaa kile kitenge. Kuna watu walishakitundika mpaka mapazia.

Kaka hakunigombeza. Alisema tu, "Niko, nenda tena mara moja. Ukirudi na kitenge ambacho kila mtu anacho, usipite dukani. Nenda moja kwa moja kwa mzee ukachunge ng'ombe."

Na ng'ombe wa mzee hawapendi utani.

Sasa elewa kitu kimoja kuhusu sisi wafuata vitenge. Mtakula sahani moja, mtalala chumba kimoja, mtagawana kontena moja. Mwenzenu akiugua mtamchangia mpaka asimame. Lakini sampuli haionyeshwi. Mpaka mzigo uwe umeshapakiwa melini, sampuli ni yako na Mungu wako.

Safari hii niliapa kuifuata sheria hiyo hadi kaburini.

Kidogo nifike kweli.

* * *

Nilikuwa nalala chumba kimoja na Mbarak, karibu na barabara ya Huanshi Zhonglu, mtaa wa Xiaobei. Mbarak ni Mzanzibari, mwembamba, mpole wa sura, na mwehu wa moyo. Ng'ambo ya korido alilala dada Jovitha wa Bukoba, mama wa watoto wanne, aliyekuwa mwalimu kabla hajaona chaki hailipi.

Watu wanadhani ukienda China unakimbizana na mzigo usiku na mchana. Wapi. Ukishaweka oda, unakaa. Kiwanda kikikwambia siku tano, jua ni tisa. Wengine hulala, wengine hunywa.

Sisi watatu tulikuwa tunapanda treni za mapindu.

Unazijua? Zile treni za kwenye bustani za michezo. Inapandishwa juu kwa mnyororo, halafu inaachiwa, inashuka kama imefukuzwa, inazunguka hewani na wewe ndani, kichwa chini.

Mbarak ndiye aliyetuambukiza. Alianza na moja, akaja ananitetemekea chumbani kama kapata mchumba. Baada ya wiki tulikuwa tumemaliza bustani zote tulizoweza kuzifikia kwa basi. Tulikuwa na chama kabisa, na sheria zake.

Kufumba macho marufuku.

Anayepiga kelele analipa chakula cha jioni.

Na tunakaa behewa la mwisho kila mara, kwa sababu behewa la mwisho linavutwa na yote ya mbele, kwa hiyo pale kileleni linanyanyuka kiasi kwamba makalio yanaaga kiti.

Dada Jovitha hakuwahi kulipa chakula hata siku moja. Alipanda na uso uleule wa kusahihisha madaftari.

Treni tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa kwenye bustani moja nje kidogo ya mji. Jina lake la Kichina hatukuliweza. Sisi tuliiita Joka.

Joka lilikuwa na mteremko mmoja wa kuondoa roho, halafu maduara mawili. Mgeni anaogopa maduara. Sisi wazoefu tunajua duara halina neno, kasi yenyewe inakukandamiza kitini.

Hatari ya Joka ilikuwa mwisho.

Karibu na kituo palikuwa na mpindo mmoja. Treni inafika pale imeshachoka, inajigeuza polepole, tumbo juu, na kukaa hivyo kama inafikiria jambo. Hapo hukandamizwi na chochote. Hapo unaning'inia hasa. Unabebwa na chuma cha mapajani, basi.

Uliweke hilo akilini.

* * *

Siku moja kabla, niliwaambia wenzangu nakwenda soko la Shahe kutafuta jinzi. Nikakata kona, nikaenda Zhongda, kwenye soko la vitambaa.

Nikazama mpaka vichochoro vya nyuma kabisa, kwa bosi mmoja, laoban kama wanavyoitwa kule. Mzee mfupi, anavuta sigara bila kuishika. Akanitazama, akafunga mlango kwa komeo, ndipo akakunjua kitambaa.

Majani ya muhogo. Rangi ya kutu, juu ya bluu iliyokolea kama wino.

Nilikaa chini bila kukaribishwa.

Laoban akanigusa kifua kwa kidole. "Wewe tu, pengyou," akasema. Pengyou ni rafiki. "Wewe tu."

Akanikatia yadi sita za sampuli. Oda tungeiandika keshokutwa.

Nikiwa kwenye basi nikaanza kujiuliza, hii naificha wapi? Chumba ni cha wawili. Mbarak akitafuta kiberiti anapekua mpaka soksi zako. Begi halina kufuli. Chini ya godoro dada wa usafi anageuza kila asubuhi.

Kesho yake alfajiri, Mbarak akiwa bafuni, nikafanya walichokuwa wakifanya bibi zangu wakienda ngomani. Nikajifunga kibwebwe. Yadi zote sita, nikazizungusha kiunoni na tumboni, shati juu, sweta juu, jaketi juu. Kulikuwa na baridi ya unyevu, kila mtu kavaa jaketi. Nani angejua?

Mbarak akatoka bafuni naye kashavaa tayari, jaketi mpaka shingoni.

"Twende zetu, yakhe," akasema. "Leo Joka mara saba."

"Mara saba utatapika mpaka jina lako."

"Mie sitapiki. Wewe ndiye unopiga kelele kama mbuzi wa Idi."

Tukacheka. Kila mmoja kafunga zipu yake vizuri.

* * *

Bustani ilikuwa tupu. Ukungu umeshuka mpaka kwenye miti, na umande unadondoka kutoka kwenye vyuma, tone moja moja. Kilele cha Joka hakikuonekana. Reli zinapanda, zinapanda, halafu basi, zimemezwa.

Tulisikia treni ikipita huko juu, hatukuiona. Sauti tu. Halafu ikarudi kituoni haina mtu.

"Wanaijaribu," dada Jovitha akasema.

"Au ndiyo imewamaliza," nikasema. Hakuna aliyecheka, na mimi utani wangu ukikosa mcheko huwa naanza kutafuta mlango.

Chini ya ule mpindo wa mwisho walikuwa wametandaza wavu, wa kudaka vitu vinavyodondoka. Siku hiyo tulipita karibu nao. Nikaona kofia tatu. Miwani. Kiatu kimoja cha mwanamke, kisigino juu. Wavu wenyewe umechakaa, upande mmoja umefungwa kwa waya.

"Huu haudaki mtu," Mbarak akasema taratibu.

"Nani kasema ni wa kudaka mtu?"

"Hakuna. Nasema tu."

Tukapanda ngazi. Mwendeshaji alikuwa mama mmoja kavaa koti la mvua la njano, anapiga miayo. Mimi na Mbarak tukachukua kiti cha mbele cha behewa la mwisho. Dada Jovitha akakaa nyuma yetu, peke yake. Mbele kabisa walikuwepo vijana wanne wa Kichina. Basi, treni nzima.

Yule mama akaja kushusha vyuma.

Kila mtu alikuwa na chuma chake. Kinashuka mapajani kwa milio: ka, ka, ka, ka. Siku zote changu kilipiga mitano. Nilishazoea, kama unavyozoea ngazi za nyumbani kwenu gizani.

Ka. Ka.

Kikagota.

Mama akakisukuma kwa nyonga. Hakikuteremka tena. Kilikuwa kimeegemea majani ya muhogo, yadi sita. Akavuta juu, kikakataa kufunguka. Kwake hiyo ilitosha. Akaenda zake kwa Mbarak, halafu kwa dada Jovitha.

"Niko," sauti ikatoka nyuma. "Chuma chako kimelia mara mbili tu."

"Nimenenepa, dada. Mandazi ya huku yana hila."

"Sikutanii. Mwite yule mama."

Hapo ndipo nilipopewa nafasi, na ninataka uijue. Nilikuwa na muda. Ningenyanyua mkono tu. Mama angerudi, angefungua chuma, angesema nivue jaketi. Na Mbarak, mwenye macho ya kitenge kuliko mtu yeyote Xiaobei nzima, angeona.

Nikawaona ng'ombe wa mzee. Nikawaona mmoja mmoja, na majina yao.

"Kimebana, dada. Tulia," nikasema.

Mbarak hata hakugeuka. Nilidhani ananidharau. Alikuwa anatazama mbele, mikono yote miwili imeng'ang'ania chuma chake.

Treni ikaondoka.

* * *

Mnyororo una sauti yake. Unahesabu. Kadiri tulivyopanda, bustani ikapotea, kisha miti, kisha kila kitu. Tukawa ndani ya ukungu, weupe mtupu, hata vijana wa mbele sikuwaona. Maji yananidondokea shingoni.

Mnyororo ukaachia.

Halafu behewa letu likavutwa.

Makalio yakaaga kiti, kama siku zote. Ila siku zote yalikuwa yanaaga yakirudi. Safari hii yaliendelea kwenda. Nikanyanyuka mpaka chuma kikanigonga juu ya magoti, na upepo ukaingia chini ya jaketi, ukaingia ndani ya shati, ukakikuta kibwebwe.

Nilikisikia kikifunguka. Zunguko la kwanza, la pili. Kitambaa kikatoka shingoni kama utumbo unaovutwa, kikampiga dada Jovitha usoni, kikamzunguka kichwa, kikaachia, kikaondoka.

Yadi zote sita. Nilizigeukia nikaziona zikiogelea kwenye ukungu kuelekea kwenye bwawa la maboti. Zilipendeza sana, kusema ukweli.

Kisha nikatazama mapajani.

Kati yangu na chuma palikuwa na nafasi. Nafasi ya mtu kuweka mkate wa boflo, na chai.

Nikakisukuma chini. Kilikuwa kimeshajifunga pale kilipogota. Kwenye treni zile chuma hakishuki tena njiani.

Duara la kwanza likaja, kasi ikanikandamiza. Nikamshukuru Mungu. La pili likaja, nikakandamizwa tena, na nikiwa pale chini ya uzito wangu mwenyewe nikakumbuka kilichobaki.

"Mbarak."

"N'naona."

"Mpindo."

"N'naona, Niko. Usitikisike."

Treni ikaanza kuchoka. Unaijua ile hali ya mtu anayepunguza mwendo ili akwambie habari mbaya? Ndiyo hiyo. Reli ikaanza kuinama upande wa kushoto. Bega langu likaelekea ardhini. Halafu kichwa.

Nikang'ang'ania chuma kwa mikono miwili. Kimelowa umande, kinateleza kama samaki.

Sarafu zilitoka mfukoni, zikanipita masikio. Nilizisikia zikigonga nguzo huko chini. Jaketi likanifunika uso. Mapaja yakatoka kwenye chuma, yakatoka, yakatoka, mpaka nikabaki nimekwamia magotini.

Kidole kimoja kikaachia. Kingine kikafuata.

Hapo ndipo mkono ukaja.

Ulipita juu ya tumbo langu, ukatafuta, ukaingia ndani ya mkanda wa suruali, ukafumba. Ukanirudisha kitini, tena mkono mwembamba ule, wa mtu ambaye chumbani ananiomba mimi nimfungulie chupa ya achari.

Mkanda ukalia. Nikausikia uzi ukikatika.

Sheria ya chama ya kutopiga kelele niliitimiza, maana sauti yenyewe haikuwepo. Nilichosikia ni Mbarak akisoma dua kwa pumzi fupi fupi, na nyuma dada Jovitha akihesabu kwa sauti ya darasani: moja, mbili, tatu, nne. Joka linajigeuza. Tano, sita.

Saba yake ilichelewa kama mwaka mzima.

Halafu dunia ikarudi pale inapokaa.

* * *

Kituoni mama wa koti la njano akafungua vyuma, akapiga mwayo, akatuonyesha ngazi.

Tukaenda kukaa kwenye benchi. Mbarak ngumi yake ilikataa kufunguka. Alikuwa bado ameshika kipande cha ngozi, ndiyo mkanda wangu, ulikatika tukiwa tunashuka ngazi naye hajaachia. Dada Jovitha akamfungua kidole kimoja kimoja kama anamnyang'anya mtoto wembe.

"Bega lako limekaaje?" akamuuliza.

"Liko sawa."

"Halijakaa sawa, linaning'inia. Vua jaketi."

"Liko sawa, dada."

"Mbarak. Vua."

Akatutazama sisi. Akatazama chini. Dada Jovitha hakungoja, akashusha zipu mwenyewe, akapandisha shati atazame mbavu.

Majani ya muhogo. Rangi ya kutu, juu ya bluu ya wino. Yadi sita, zimezungushwa tumboni, zimelegea zimeteremka mpaka nyongani.

Nikaupapasa upindo wa kile kitambaa.

"Mlango wa komeo?" nikauliza.

"Wewe tu, pengyou," Mbarak akajibu.

Ndipo dada Jovitha akaketi katikati yetu, akashusha pumzi, akasema kwa upole, "Mimi yangu marobota manne. Meli imeondoka nayo Jumanne."

Nilicheka mpaka nikatapika. Au nilitapika nikacheka, sikumbuki mpangilio. Mbarak akacheka ameshika bega. Dada Jovitha hakucheka, alikuwa analia, na anatupiga makofi ya mgongoni kwa zamu, kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

Mimi nilinyamaza wa kwanza. Kuna kitu kilikuwa kinanijia polepole.

"Mbarak. Chuma chako kililia mara ngapi?"

Akafuta macho. "Mara mbili."

"Kwa hiyo na wewe ulikuwa…"

"Na mie n'likuwa."

"Ulijishika na nini?"

"Mkono mmoja. Na miguu, n'likuwa nimeikaza chini ya kiti."

"Mkono mmoja ulikuwa kwangu."

"Ndiyo."

Nikamtazama yule mtu. Miezi miwili nimelala naye chumba kimoja, nimemficha soksi zangu, nimemdanganya Shahe, na yeye kanidanganya sijui wapi.

"Kwa nini hukujishika yote miwili?"

Akafikiri kweli. Unajua mtu anayetafuta jibu la haki?

"Sikuwaza," akasema. "Ningewaza, ningejishika."

* * *

Jioni ile, kwenye mgahawa mmoja wa Waislamu pale Xiaobei, kwa mara ya kwanza tuliweka sampuli zote zilizobaki mezani, bila kuona haya. Ua lile moja tukaligawana kwa rangi. Bluu ikabaki ya dada Jovitha na Bukoba yake. Mbarak akachukua ya kijani kwenda nayo Unguja. Mimi nikarudi Mwanza na ya zambarau, na kaka akaiuza ikaisha kabla ng'ombe hawajapata habari zangu.

Laoban tulimwendea watatu kwa pamoja. Alitutazama, akaenda kutengeneza chai.

Sikuandika haya nikufundishe biashara, biashara kila mtu na mdomo wake. Nakwambia hivi tu: una siri, kaa nayo, ni haki yako. Ila siku mnafungiwa vyuma kwenye kiti kimoja na mwenzio, kabla treni haijaondoka, mwambie umebeba nini ndani ya shati. Huenda akakuonyesha na la kwake, mkashuka wote wawili mkiwa wazima, bila mtu kulazimika kuchagua huko juu ashike nini.

Maana si kila aliye pembeni yako atasahau kuwaza.